Jinsi ya kutengeneza thrila fupi ya skrini kwa laptopu moja na simu mbili

Kuna vijana hapa Migosi, Kisumu, nimekuwa nikiwasaidia kumaliza muvi yao fupi, ile aina ambayo kila kitu unachokiona kiko ndani ya skrini: meseji, simu za video, kamera ya laptopu, ramani, picha za zamani kwenye folda. Wamemaliza, na maswali waliyokuwa wananiuliza ndiyo yale yale naulizwa na wengine, kwa hivyo nimeamua kuyaandika mahali pamoja. Naandikia mtu mwenye laptopu ya kawaida, simu mbili, bando ya kuhesabu na stima ya kupotea potea. Kama una vifaa vikubwa zaidi, sawa, lakini hatua hazibadiliki sana.

Shika hili kwanza: kazi kubwa iko kwenye kuediti. Watu wanaona hakuna safari, hakuna magari, hakuna mavazi, wanadhani ni kazi ya wikendi. Muvi ya Searching ya mwongozaji Aneesh Chaganty, iliyotoka 2018, walirekodi waigizaji siku 13 tu halafu kuediti kukala karibu miaka miwili. Yako ni fupi na haitafika huko, ila panga muda wako ukijua uzito uko wapi.

Hatua ya 1: Hadithi, na sababu ya kutofunga laptopu

Swali la kwanza la mtazamaji ni hili: kwa nini huyu mtu asifunge tu hiyo laptopu aende nje aite majirani? Kama huna jibu, huna muvi. Jibu liwe ndani ya hadithi tangu dakika ya kwanza, usilibandike baadaye.

Ya vijana wangu ilikuwa hivi. Dada yuko nyumbani usiku, mdogo wake alienda Dunga, kule ufuoni mwa ziwa, jioni na hajarudi, simu yake inaita haishikwi, halafu imezimwa. Lakini laptopu wanatumia pamoja, na WhatsApp ya huyo kijana iko wazi humo. Siku hizi WhatsApp ya kwenye laptopu inafanya kazi hata simu ikiwa imezimwa, inaweza kukaa hivyo hadi siku 14 kabla ya kujitoa. Sasa dada anaona meseji za mdogo wake zikiingia, halafu anaona zile ambazo yeye hajazifungua zikisomwa. Kuna mtu mwingine ameingia kwenye hiyo akaunti. Hapo hawezi kufunga laptopu, ndiyo mlango pekee alio nao wa kumfikia ndugu yake. Tafuta kitu cha namna hiyo, kitu ambacho chombo chenyewe kinakifanya kweli, na taharuki itakuja bila kulazimishwa.

Timur Bekmambetov, mtayarishaji wa Unfriended ya 2014 na hiyo Searching, alikuwa na kanuni tatu: kila kitu kibaki ndani ya skrini moja, muda uende bila kurukwa, na sauti zote zitoke kwenye hiyo kompyuta. Searching yenyewe haikuzifuata zote, hadithi yake inaruka siku na ina muziki wa kawaida wa sinema. Lakini kwa muvi ya kwanza mimi nasema zifuate zote tatu, hasa ya muda. Ukianza kuruka masaa, presha inashuka na huna bajeti ya kuipandisha tena.

Hatua ya 2: Skripti ya safu mbili

Kushoto kinachoonekana kwenye skrini, kulia kinachosikika. Google Docs, jedwali la safu mbili, basi.

Hatua ya 3: Tengeneza muvi nzima kwa skrinshoti kwanza

Usiruke hii. Piga skrinshoti za kila dirisha, zipange kwenye timlaini (ule mstari wa kupangia klipu ndani ya programu ya kuediti), soma mistari yote wewe mwenyewe kwa sauti yako, tazama mwanzo mpaka mwisho. Timu ya Searching walifanya hivyo hivyo, mwongozaji akaigiza kila mtu mbele ya kamera, wakapata muvi nzima ya majaribio kabla ya kuanza kurekodi waigizaji. Utagundua pale ambapo mtazamaji anapewa meseji tatu za kusoma kwa wakati mmoja, na pale ambapo hakuna kitu cha kuangalia kabisa. Kurekebisha hapa ni bure, kurekebisha baada ya kuwalipia watu nauli ya kurudi kutoka Maseno ni hasara.

Hatua ya 4: Jenga skrini

Usirekodi akaunti yako halisi. Fungua yuza mpya kwenye laptopu, mpe huyo mhusika jina, wolpepa, folda za shule, picha ambazo hajazipanga, CV ya zamani iliyoandikwa "CV mpya mpya ya mwisho". Watu wanasoma pembeni za skrini kuliko unavyofikiri, na hapo ndipo wanamjua mhusika bila wewe kueleza chochote.

Namba za simu: sevu kila mhusika kwa jina ili namba isionekane popote. Usitumie namba umeibuni kichwani, kuna mtu anaimiliki na atapigiwa. Picha za watu nazo tumia za waigizaji wako waliokubali. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na hata bila sheria, sura ya mtu kuwekwa kwenye hadithi ya mtekaji si jambo dogo.

Meseji za M-Pesa ni dhahabu kwa thrila ya Kenya kwa sababu kila mmoja wetu anazijua kwa macho. Pesa imetoka kwenye laini ya kijana saa saba na dakika kumi usiku, na yeye ndiye haonekani, huhitaji muziki wa kutisha hapo. Lakini kwa sababu tunazijua, ukikosea tutaona. Kodi ya muamala, ile ya mwanzo wa meseji, ina herufi na tarakimu 10, na herufi ya kwanza inafuata mwaka: za 2023 zilianza na R, za 2024 zikaanza na S. Kama hadithi yako ni ya 2024 na kodi inaanza na Q, mtu mmoja atasimamisha video na kukuandikia. Salio nalo lishuke sawa sawa kutoka meseji moja hadi nyingine, piga hesabu kwa karatasi.

Kuhusu ukali wa picha: ukirekodi skrini ya 1920 kwa 1080 halafu usogeze karibu mara mbili wakati wa kuediti, maandishi yanakuwa ukungu. Kuna watu wanasema nunua monita ya 4K. Mimi nasema hapana, chora upya dirisha utakalosogelea ukitumia Inkscape, ni ya bure, na mchoro wake haupotezi ukali hata ukuze vipi. Zile ambazo hutazisogelea, skrinshoti inatosha. Ukiwa ndani ya brauza unaweza pia kubonyeza Ctrl na + hadi asilimia 200 kabla ya kupiga skrinshoti, maandishi yanatoka makali, ila angalia mpangilio wa ukurasa usivurugike.

Hatua ya 5: Kurekodi nyuso

Usitumie kamera ya laptopu. Nyingi ni hafifu na gizani zinachemka chembechembe. Weka simu juu kidogo ya skrini ya laptopu, kamera ya mbele au ya nyuma, na uichafue picha baadaye ukitaka ifanane na kamera ya laptopu. Kuchafua picha nzuri ni rahisi, kusafisha mbaya haiwezekani.

Usirekodi kupitia Zoom pia. Picha inategemea intaneti ya siku hiyo, na ya bure inawakata baada ya dakika 40. Pigianeni Zoom ili waigizaji wasikizane kwenye iafoni, lakini kila mmoja ajirekodi kwa simu yake pale alipo. Muvi ya Host ya Rob Savage, 2020, wakati wa lokidauni, waigizaji walikuwa kila mtu kwake, wakishughulikia kamera na taa zao wenyewe, na mwongozaji hakuwa chumba kimoja nao. Ukiwa Kisumu na mwigizaji wako yuko Kakamega, hiyo ndiyo njia.

Macho: bandika kipande cha tepu kwenye skrini mahali ambapo dirisha la mwenzake litakuwa. Aangalie tepu, asiangalie kamera, isipokuwa ile sekunde moja unayotaka mtazamaji ashtuke.

Mwanga wa usiku: fungua ukurasa mweupe kwenye laptopu nyingine au tableti, uweke mbele ya uso, zima taa ya chumba au iache hafifu nyuma. Halafu gusa uso kwenye skrini ya simu na ushikilie hadi ifunge mwanga, la sivyo simu itaendelea kujirekebisha kila mtu akisogea. Kwa sisi wenye ngozi nyeusi hii ni muhimu zaidi: ukuta mweupe nyuma unaidanganya kamera na uso unapotea, kwa hivyo tundika leso au blanketi la rangi iliyokolea. Na kwa sababu stima yetu ni ya hatzi 50, taa zingine zinapiga mistari kwenye video. Kama simu yako ina hali ya kupangia mwenyewe, weka shata (muda ambao kamera inapokea mwanga) 1/50 au 1/100 ya sekunde na mistari inaisha.

Rekodi asubuhi, madirisha yakiwa yamezibwa. Mchana kukiendelea mawingu ya ziwani yanajikusanya, na mvua ikishapiga mabati hakuna maikrofoni itakuokoa.

Hatua ya 6: Badilisha klipu zote za simu ziwe na mwendo mmoja wa fremu KABLA ya kuziweka kwenye timlaini

Hapa ndipo niliitwa. Walikuwa wamerekodi mazungumzo marefu ya video kati ya dada na rafiki yake, simu mbili tofauti, wakaweka zote kwenye timlaini, mwanzo midomo na sauti viko sawa kabisa, ukifika dakika ya nane rafiki anaongea na mdomo umefungwa. Wakawa wanakata sauti vipande vipande na kuvisukuma kwa mkono, wakirekebisha hapa kule mbele kunaharibika, wakirekebisha mbele hapa kunarudi vile kulikuwa. Tulikaa nayo hadi majogoo, na shida yenyewe ukishaijua ni ya dakika chache.

Iko hivi. Simu inakuambia inarekodi fremu 30, yaani picha 30, kwa sekunde lakini inabadilisha mwendo yenyewe bila kukuuliza. Chumba kikiwa na giza inapunguza ili kila fremu ipate mwanga wa kutosha, ikipata joto inaangusha zingine. Sauti nayo inaenda mwendo wake ule ule. Programu ya kuediti inachukulia ni 30 mwanzo mpaka mwisho, basi kila sekunde kuna kosa dogo lisiloonekana, na makosa yanajumlishana. Muvi za aina hii zinaumia zaidi kwa sababu klipu ni ndefu na nyingi ni za gizani. Ukikata kata kila sekunde tatu hutaona shida, ukiacha mtu aongee dakika kumi kwenye dirisha moja utaiona.

Kuhakikisha, fungua klipu kwenye MediaInfo, programu ya kusoma taarifa za faili, ni ya bure. Ukiona pale kwa Frame rate mode pameandikwa Variable, ndiyo hiyo.

Dawa ni HandBrake, programu ya kubadilisha video, nayo bure. Fungua klipu, nenda Video, kwa Framerate chagua 30, na chini yake chagua Constant Framerate. Yenyewe huwa imechagua Peak, na ukiacha Peak hujafanya kitu, klipu itatoka na ugonjwa ule ule, kwa hivyo angalia mara mbili. Usiache pia Same as source. Ubora weka RF 16 au 18, namba ndogo ndiyo bora, ile ya kawaida iko juu zaidi na nyuso za gizani zinakuwa mabaka. Kwa Audio weka Samplerate 48. Kama unapenda kuandika amri kama mimi, ffmpeg inafanya kazi hiyo hiyo, klipu moja kwa amri moja:

ffmpeg -i klipu.mp4 -vf fps=30 -c:v libx264 -crf 16 -c:a pcm_s16le -ar 48000 klipu_sawa.mov

Sasa tahadhari zake, na zote zina maana:

Jaribu klipu moja kwanza, ndefu kuliko zote, itazame dakika ya mwisho kabisa, ikiwa sawa ndio ufanye zingine.

Usifute zile za mwanzo mpaka muvi iishe. Simu ikirekodi 1080 inaweza kula kama MB 130 kwa dakika, kwa hivyo andaa hadi disk ya nje mapema.

Klipu zisipite WhatsApp kama video, zinafinywa hadi zinapoteza kila kitu. Zitume kama dokumenti, inakubali hadi GB 2, au tumia waya tu. Waya ndiyo njia yangu siku zote.

Video za skrini zilizorekodiwa na rekoda ya ndani ya simu ni wagonjwa zaidi, kwa sababu skrini ikitulia rekoda haiandiki fremu karibu zozote. Zipitishe HandBrake pia. Za OBS Studio, programu ya bure ya kurekodi skrini ya laptopu, ziache, OBS inatoa mwendo mmoja tayari. Ila ukiwa kwenye OBS rekodi kwa faili ya aina ya mkv, usirekodi kwa mp4 ya kawaida, kwa sababu stima ikipotea katikati mp4 inakufa yote na mkv inabaki na kila kitu hadi ile sekunde. Baadaye bonyeza Remux Recordings ndani ya OBS ipate kuwa mp4.

Kwenye DaVinci Resolve, programu ninayoeditia, weka mwendo wa timlaini uwe 30 kabla ya kuingiza klipu yoyote. Ukishaingiza, mwendo wa timlaini hiyo haukubali kubadilishwa. Natumia Resolve ya bure na siibadilishi kwa CapCut kwenye kazi hii, CapCut ni tamu kwa video za dakika moja lakini ukiwa na tabaka kumi na tano za madirisha unapotea.

Na mwisho, piga kofi mbele ya kamera mwanzo wa kila rekodi NA mwisho wake. Kofi la mwanzo kila mtu analijua, ni la kulinganisha picha na sauti. La mwisho ndilo linakuambia kama vyombo viwili vimeachana njiani, kwa sababu hata baada ya dawa yote hii, rekoda ya sauti ya pembeni na simu zina saa tofauti na zinaweza kupishana fremu kadhaa. Makofi yote mawili yakikutana, endelea. La kwanza likikutana na la pili likikataa, vuta sauti kidogo hadi la pili likutane, na katikati kote kutakuwa sawa.

Hatua ya 7: Mshale wa mausi na kuandika

Huu ndio uigizaji wenyewe, na hapa sikubali njia ya mkato. Kwenye OBS ondoa tiki ya Capture Cursor ili skrini irekodiwe bila mshale, halafu mshale uuweke kama picha ndogo ya PNG kwenye tabaka lake na uusogeze kwa kifremu (keyframe, alama za kuonyesha mshale uwe wapi kwa wakati gani). Hivyo unaweza kubadilisha muda wake bila kurekodi upya. Mkono wa mtu hauendi mstari ulionyooka, unapinda kidogo, unapita kitufe kisha unarudi. Na kabla ya kubonyeza kitu anachokiogopa, unasimama.

Kuandika kunasema zaidi ya uso. Kuna sehemu dada anamwandikia mdogo wake, akiwa tayari anashuku si yeye anayesoma. Anaandika "Uko wapi?" haraka. Mshale unawaka, unazima, unawaka. Anafuta herufi moja moja. Anaandika "Umekula?" Anatuma. Mtazamaji amejua kila kitu alichofikiria na hakuna aliyesema neno. Kwenye rasimu ya kwanza vijana walikuwa wameweka maandishi yanayotokea kwa mwendo mmoja kama mashine, na sehemu hiyo ilikuwa imekufa. Tukamkalisha mwigizaji aandike kweli, tukarekodi vidole vyake, tukafuata muda wake herufi kwa herufi. Jina la ndugu linaandikwa upesi, uongo unaandikwa polepole. Na mtu akiandika haraka hukosea, acha kosa moja alirekebishe.

Hatua ya 8: Sauti

Sauti ya mtu wa upande wa pili ikate chini ya hatzi 300 na juu ya hatzi 3,400, itakuwa ya simu. Feni ya laptopu iwepo chini chini muda wote, kisha izime ghafla mahali unapotaka watu washike pumzi. Mlio wa meseji tumia wa kwako uliourekodi au wa leseni huru.

Hatua ya 9: Kutoa na kuonyesha

Toa faili ya video ya H.264, 1080, fremu 30 kwa sekunde. Kama utarekodi hadharani au kuonyesha kwa watu, ulizia leseni na uainishaji kwa KFCB, bodi ya uainishaji wa filamu Kenya, mapema, na usisubiri wiki ya onyesho.

Kabla ya kuitoa rasmi, iweke kwenye simu, mpe mtu ambaye hajaiona na ukae nyuma yake kimya. Akiisogeza simu karibu na uso ili asome meseji, andika dakika hiyo, rudi Inkscape, kuza maandishi.